Ukwato wa Nne wa Hanaguruma

Siku Isakichi Munekata aliponunua grinda, alivaa helmeti. Ilikuwa helmeti nyeupe yenye msalaba wa kijani na maneno USALAMA KWANZA, aliyoirithi kwa kampuni moja ya barabara iliyokufa zamani. Aliivaa ili kulinda kichwa, yaani kiungo pekee cha mwili wake ambacho ile mashine haikuwa na mpango nacho. Vingine vyote aliviacha kwa Mungu. Kile kifuniko cha chuma kinachokaa juu ya diski ili kumtenga mtu na balaa alikifungua siku ileile kwa bisibisi, akasema kinamziba asione ukwato. Miwani ya kazi iliyokuja ndani ya boksi alimpa mkewe, Towako, akatie vitunguu. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa na kurasa thelathini na mbili, zenye michoro ya bwana mmoja mwenye adabu sana anayepoteza vidole bila kukunja uso. Hicho alikikunja mara nne akakisokomeza chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikicheza. Meza ikatulia. Kwa hiyo hatuwezi kusema kijitabu hakikuleta usalama nyumbani.

Isakichi alikuwa fundi kwato, na kwa miaka arobaini na mitatu hakuna farasi wa maana huku Tokachi, kaskazini mwa Japani, ambaye hakumkabidhi mguu. Farasi wetu si wale wembamba wa kalenda. Hawa ni wa mashindano ya kuvuta sleji, magari ya kuburuzwa yasiyo na magurudumu, zenye vyuma juu ya vilima vya mchanga mbele ya watu wanaopiga kelele. Mmoja ana uzito wa tani nzima, na ukwato wake ni mpana kama sufuria ya kupikia familia. Ukwato huota kama kucha. Usipokatwa kila baada ya wiki tano au sita, farasi anaanza kusimama kama mtu aliyevaa viatu vya jirani.

Alipoingia zizini, Isakichi alimwamkia farasi kwanza, kisha mbwa, kisha mwenye nyumba kama yupo karibu. Watu aliwakumbuka kwa kwato. "Yule nani," angesema, "ambaye jike lake lina kisigino cha kushoto cha kilevi." Aliwahi kuombwa asimame kwenye harusi aseme neno juu ya bwana harusi. Akasimama, akazungumza dakika saba juu ya farasi wa baba yake bwana harusi, akaketi huku machozi yakimlengalenga. Bibi harusi alimpigia makofi kuliko wote. Alikuwa hajasikia mtu akisifiwa kwa upendo namna ile, hata kama aliyesifiwa alikuwa na mkia.

Sasa, kuhusu vidole.

Ujanani, majira ya baridi, kabla kwato hazijamtosha kula, Isakichi alipanda milimani kukata miti kwa chensoo. Nyuzi ishirini chini ya sifuri, saa nane kwa siku, mashine inatikisika mikononi kama mtoto mwenye degedege. Wengi waliofanya kazi ile wana zawadi moja: vidole vinageuka vyeupe kama mshumaa, na mshumaa hausikii kitu. Kwa miaka mingi kwake ilikuwa ni asubuhi za baridi tu. Akivitia kwapani, vinarudi. Kisha, kama miaka miwili iliyopita, vikaacha kurudi. Ikaja hata Agosti, watu wanajipepea, vidole vya Isakichi bado viko Januari.

Koleo ya kukatia kwato inataka kiganja kinachobana. Chake sasa kilikuwa kinasalimia tu. Koleo ikamdondoka mara ya kwanza, akailaumu koleo. Ikamdondoka mara ya pili, akalaumu mafuta. Ya tatu hakulaumu kitu. Alitazama huku na huku kama mtu aliyejamba msibani, akaiokota kwa mikono miwili.

Ndipo akanunua grinda. Grinda haitaki kubanwa. Unasukuma swichi, inajifunga ikiwa imewaka, na diski ya msasa inakula ukwato kama mbuzi aliyeingia shamba la mahindi. Kwamba mikono iliyouawa na mtikisiko ilikwenda kutafuta nafuu kwenye mtikisiko mwingine, hilo Isakichi hakutaka kulifikiria. Alichokiogopa hakikuwa kukatwa. Aliogopa siku ambayo mtu angemwambia, kwa sauti ile ya upole tunayoitumia kuzikia watu wakiwa hai, "Fundi, umefanya kazi ya kutosha. Pumzika."

Kwa hiyo alivaa glavu. Hapa kwetu mwanamume asiye na glavu nyeupe za pamba mikononi na taulo shingoni ni kama yuko uchi. Anavivaa akilima, akifunga kamba, akipigwa picha. Kila karakana ina bango linalosema usishike mashine inayozunguka ukiwa na glavu za pamba, maana uzi ukinaswa unavuta kidole, kidole kinavuta mkono. Bango hilo hupigiliwa misumari na mtu aliyevaa glavu za pamba. Isakichi alikuwa na sababu zaidi ya wengine: ndani ya glavu, hakuna aliyeona rangi ya vidole vyake.

Nyumbani alisema madaktari wa Tokyo wamegundua kwamba kula kwa kijiko badala ya vijiti kunasaidia tumbo.

"Madaktari gani hao, Baba?" Towako aliuliza. Alimwita Baba tangu binti yao alipozaliwa, na binti sasa ana nywele za mvi na anaishi Sapporo.

"Wa kwenye redio."

"Redio ilikufa mwaka juzi."

"Walisema kabla haijafa."

Towako akaenda jikoni. Kuanzia wiki ile nyumba ile ikaanza kula mchuzi wa kari, supu nzito, uji wa wali wenye yai, na malenge yaliyopondwa. Vyakula vyote vya kijiko. Na yeye mwenyewe akala kwa kijiko, mwanamke aliyeweza kuokota punje ya ufuta kwa vijiti. Kisha vifungo vikaanza kutoweka kwenye nguo za mumewe, kimoja kimoja, kana kwamba kuna panya anayekula vifungo, na mahali pake pakashonwa vibanio vya kubandika. Suruali zikapata lastiki. Isakichi akamwambia jirani kwamba mke wake amezeeka, hata vifungo siku hizi havioni.

Huko mazizini wateja walianza kulalamika, ila kwa huku kwetu watu hulalamika kwa kusifu. "Kwato zimelainika, Fundi! Mtu anaweza kunyolea ndevu humo." Maana yake: umekata sana, farasi wangu anakanyaga kama kuna mbigili. Mashine ilikuwa inakula haraka kuliko jicho, ukwato unapata moto, na aliyezoea kupima unene kwa kubonyeza kwa dole gumba sasa alikuwa anabonyeza kwa kitu kisichomletea habari. Farasi wawili walishalala siku tatu na miguu kwenye maji baridi. Isakichi alizisikia zile sifa moja moja, akainamisha kichwa, akashukuru. Alizaliwa kwenye lugha ile. Alijua vizuri sana anachoambiwa.

Mwezi wa pili, asubuhi moja ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, alikwenda kwa Bi Orie, mjane anayefuga farasi wanne na kuongea na wote wanne kuliko alivyowahi kuongea na marehemu. Kwato zilizosubiri zilikuwa za Hanaguruma, jike la miaka kumi na saba, jeusi, pana kama kabati la bibi harusi. Isakichi alimshika mguu kwa mara ya kwanza farasi huyo akiwa na umri wa miezi minne. Mbele za watu alimwita Hanaguruma. Wakiwa wawili alimwita mtoto.

Hanaguruma aliingizwa kwenye fremu ya chuma, kwato tatu zikakatwa, kisha mguu wa nyuma wa kulia ukafungwa kwa mkanda na kuning'inizwa. Waya wa umeme ulitoka jikoni, ukapita kwenye theluji iliyoyeyushwa na mvuke wa jikoni mlangoni, ukaungwa kwa kipande cha utepe mweusi na matumaini.

"Fundi," Bi Orie alisema akitazama ule waya, "hiyo si itatupiga shoti wote pamoja na mbwa?"

"Mbwa akae mbali."

"Na mimi?"

"Wewe una viatu vya mpira."

"Kifuniko cha hiyo mashine kiko wapi? Ya marehemu ilikuwa nacho."

"Na marehemu yuko wapi?"

"Alikufa kwa moyo, mwanaharamu wewe, hakufa kwa grinda!" Bi Orie akacheka mpaka akashika nguzo. "Haya, pumzika kidogo basi. Kwato tatu umeshamaliza, uso umekuwa mweupe kama umepakwa unga."

"Nimalizie huu wa nne."

Akaisukuma swichi. Mkono wa kulia ukashika mashine, wa kushoto ukashika ukingo wa ukwato ili usicheze. Vumbi likapanda, harufu ya kucha iliyoungua ikajaa zizi. Alikuwa amefika nusu, upande wa nje umeshuka na wa ndani bado, Hanaguruma anasinzia na mdomo wa chini umening'inia, ndipo mlio wa mashine ukabadilika. Ukawa mzito, kama mtu anayekohoa na chakula mdomoni. Grinda ikamchomoka, ikaanguka chini ikiwa bado inazunguka, kwa kuwa swichi yake ilikuwa imejifunga, ikaanza kurukaruka kwenye majani makavu chini ya tumbo la yule farasi.

Mnyama wa tani nzima, mguu mmoja umefungwa, kitu kinachonguruma kati ya miguu mingine mitatu. Angejitupa tu, leo hii habari hii ingekuwa na padri ndani, au mtawa mwenye kengele. Hanaguruma alifungua macho, akasimamisha masikio. Hakuinua hata kisigino.

Bi Orie aliruka, akauvuta waya kutoka jikoni kwa mikono miwili. Kukawa kimya. Na katika kile kimya Isakichi aliona damu. Ilikuwa kwenye ukwato, kwenye majani, kwenye manyoya ya mguu.

"Nimemkata!" alisema. "Bi Orie, nimemkata mtoto!"

"Wapi?"

"Sioni wapi! Ni nyingi, sioni inatokea wapi." Alikuwa ameshapiga magoti, ameukumbatia ule mguu, anaupapasa juu chini, na kila anapopapasa damu inazidi. "Nisamehe, mtoto. Nisamehe. Tulia, nitaipata. Bi Orie, lete maji ya uvuguvugu, lete kitambaa kisafi, mpigie daktari wa mifugo!"

"Fundi."

"Usisimame hapo, mwanamke, anavuja!"

"Fundi, jiangalie mkono."

"Mkono hauna kitu! Angalia ukwato!"

"Isakichi!"

Huku kwetu kumwita mwanamume jina lake tupu, bila fundi, bila mzee, bila chochote mbele, ni ama mapenzi ama nyumba inaungua. Isakichi akaacha kupapasa. Akatazama chini. Glavu ya mkono wa kushoto ilikuwa imefunguka kama ganda la ndizi, na ndani yake nyama ya shina la dole gumba ilikuwa imefunguka vilevile, hadi karibu na kifundo. Aliutazama ule mkono kwa muda, kama mtu anayetazama picha ya ndugu anayejaribu kumkumbuka.

"Si wake?" aliuliza.

"Si wake. Hana hata mkwaruzo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Fundi."

"Oo," alisema Isakichi, na ndipo akaketi kwenye majani, na Bi Orie anaapa kwamba aliketi kwa raha, kama mtu aliyepata habari njema.

Hospitali ya mjini walimshona nyuzi kumi na moja. Towako aliwasili akiwa amevaa aproni na kandambili za ndani, ameendesha pikapu ndogo kwenye barafu mwendo ambao hatutautaja. Daktari alikuwa kijana mpole aliyeongea kama anaagiza chai.

"Maumivu, Mzee, ukiyapa namba kutoka sifuri hadi kumi?"

"Kumi ni nini?"

"Kumi ni makubwa kuliko yote unayoweza kufikiria."

"Basi sifuri."

Daktari akainua kalamu. "Mzee, mkono huu umechanwa mpaka..."

"Mwandikie sifuri, Daktari," alisema Towako. "Ni sifuri tangu mwaka juzi. Wa kulia nao sifuri. Vidole vya nta. Na usimwachie akuambie ni baridi."

Isakichi akageuka taratibu. "Ulijua?"

"Baba. Nimeshona lastiki kwenye suruali sita. Ulidhani ni fasheni?"

"Nilidhani umezeeka."

"Nimezeeka. Na nimekula uji miaka miwili kama mtoto mchanga. Ninaota samaki mwenye miiba, Daktari, naota naokota miiba kwa vijiti."

Daktari aliinama akaandika kitu kirefu ambacho hakikuhitaji kuandikwa.

"Mbona hukusema?" Isakichi aliuliza.

"Wewe mbona hukusema?"

"Ungeniambia nipumzike."

"Ningekuambia." Towako akamvuta mkono ule mwingine, ule ambao haukushonwa, akauweka mapajani kwake juu ya aproni. Alijua hausikii. Aliushika hivyohivyo. "Ndiyo maana sikusema."

Daktari alipoinua kichwa alisema mambo mawili. Kidonda kitapona. Na mashine yoyote inayotikisika, kuanzia leo mpaka kaburini, hapana. Hata mashine ya kunyolea.

Grinda ikarudi nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki. Kuitupa nako ni kazi. Katika kata yetu taka zina kalenda, na kalenda ina makundi kumi na manne. Towako alipiga simu ofisi ya kata, akaulizwa kama mashine ile ni chuma kidogo, kifaa cha umeme au kitu cha hatari. Akajibu kwamba ni vyote vitatu pamoja na ni mjinga. Akaambiwa asubiri Jumatano ya pili ya mwezi ujao. Akaifungia kwenye pipa tupu la kachumbari, akaweka jiwe juu ya kifuniko.

Isakichi aliketi mbele ya jiko la mafuta siku tatu. Watu walikuja na machungwa. Wakasema maneno yaleyale aliyoyaogopa, kwa sauti ileile: umefanya kazi ya kutosha. Yeye akaitikia kila mmoja, akashukuru, akamenyewa chungwa, akala. Mtu angedhani amekubali. Lakini siku ya tatu Bi Orie alipiga simu kuuliza hali, na Towako akamwekea simu sikioni.

"Hanaguruma hajambo kabisa," alisema Bi Orie. "Siku hizi ametulia! Analala sana."

Isakichi aliposikia hivyo akasimama. Towako akakata simu.

"Amelala," alisema Isakichi. "Farasi mwenye afya analala kwa dakika. Analala sana kwa sababu hawezi kusimama. Ule mguu nimeuacha nusu, upande mmoja juu mmoja chini. Tani nzima imesimama kwenye ukwato uliopinda. Paja lote linauma."

"Na yule fundi mwenzako wa ng'ambo ya mto?"

"Amejaa mpaka mwisho wa mwezi. Nimeshamuuliza."

"Ulimuuliza?"

"Nilimwomba." Neno hilo lilimtoka kama jino.

Alizunguka jiko. Akaketi. Akasimama tena. Towako alikuwa jikoni akikata malenge, na malenge ya huku yakishakaa kabatini mpaka mwezi wa pili ni mawe. Wanaume huyakata kwa shoka wakidhani hakuna anayewaona. Yeye alichoma kisu, akaegemea kwa bega, akageuza kiganja. Krak. Nusu mbili. Isakichi akamtazama. Towako naye akakitazama kisu, akamtazama mumewe, akafuta mikono kwenye aproni.

"Vaa koti," alisema.

"Kwenda wapi?"

"Utashika mguu. Mimi nitakata."

Hapa inabidi nieleze kidogo. Kabla fremu za chuma hazijaja, babu zetu walifanya kazi hii wawili wawili. Mmoja alikata, na huyo ndiye fundi. Mwingine alibeba ule mguu mapajani na kuuegemeza kifuani mpaka mwisho, na huyo hakuitwa chochote. Alikuwa mtu wa chini, mara nyingi mlevi wa kijiji au shemeji asiye na kazi. Kushika mguu hakutaki vidole. Kunataka magoti, mgongo, na mtu asiyejali kuwa wa pili.

"Mimi nishike mguu?" alisema Isakichi. "Miaka arobaini na mitatu, halafu nishike mguu?"

"Una shughuli nyingine leo?"

"Wewe hujawahi kumshika hata punda, Mama!"

"Nimekushika wewe miaka arobaini na sita. Vaa koti."

Bi Orie aliwaona wakishuka kwenye pikapu, Towako mbele akiwa na boksi la zana, Isakichi nyuma na mkono uliofungwa kama mkate, akaziba mdomo kwa kiganja. Hakucheka. Alikwenda akamtoa Hanaguruma kwenye chumba chake, na ilikuwa kweli: yule jike alitembea akiutupa mguu wa nyuma kama anaukana.

Hawakutumia fremu. Isakichi alimwamkia, akaweka paji la uso kwenye shingo yake, akasema naye maneno ambayo hayatuhusu. Kisha akainama, akapitisha mikono chini ya ule mguu, akaubeba kwa vifundo na viwiko, akauegemeza kwenye paja. Magoti yakalia kama mlango wa zamani. Hanaguruma akashusha pumzi ndefu, akaanza kumwachia uzito.

"Anza na koleo," alisema. "Upande wa ndani. Kidogo. Kidogo zaidi ya hapo. Mama! Hilo si malenge!"

"Nyamaza, shika mguu."

"Sawa. Hapo. Bana. Sasa chukua tupa. Sukuma, usivute. Ukivuta unaupangusa tu."

Tupa ikaanza kupita. Towako aliisukuma kama anavyosugua figili, kwa bega zima, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Ukwato ambao Isakichi zamani angeumaliza kwa dakika kumi ulichukua saa nzima na robo. Mara mbili Isakichi alimwambia mkewe apumzike, na mara mbili akaambiwa apumzike yeye. Jasho lilimdondoka Isakichi puani, likaganda. Hanaguruma alilala, akaota, akajamba kwa heshima. Bi Orie alisimama karibu na kichwa cha farasi na hakusema chochote, jambo ambalo majirani hawajaliamini hadi leo.

Kisha ikafika sehemu ambayo haina jinsi. Jicho linaweza kusema ukwato umelingana; jicho ni mwongo. Fundi hupitisha vidole. Isakichi alikitazama kitambaa kilichofunga mkono wake, akatazama ule wa pili.

"Vua glavu," alisema. "Pitisha kidole ukingoni, polepole, zunguka kote. Niambie."

Towako akavua glavu. Akapitisha kidole. "Ni sawa... ni sawa... hapa kuna kitu."

"Wapi?"

"Huku nje, nyuma kidogo. Kimeinuka."

"Kiasi gani?"

"Kama punje ya mchele."

"Mchele au wali?"

Akarudisha kidole, akafumba macho. "Mchele."

"Mkali au umelala?"

"Umelala."

"Piga tupa mara tatu," alisema Isakichi. "Taratibu. Kisha uniambie tena."

Alipiga tatu. Akapitisha kidole. Akapitisha tena. Isakichi alimtazama usoni muda wote, namna alivyokuwa akitazama ukwato, na alipoona uso umelainika hakuuliza. Akaushusha mguu chini, akitangulia yeye mwenyewe kwa magoti, ili ufike sakafuni bila kishindo. Hanaguruma akausimamia. Akabadilisha uzito kushoto, akabadilisha kulia, akabaki kulia.

Isakichi hakuweza kunyooka. Walimnyoosha wawili, mmoja kila upande, yeye akitukana na wao wakicheka, wakamketisha kwenye ndoo iliyogeuzwa. Bi Orie akaleta chai. Kwa desturi, anayekata hunywa kwanza na mshika mguu hunywa mwisho. Bi Orie alisimama na sinia akiwa na haya usoni, hajui amwendee nani. Isakichi alimwonyesha Towako kwa kidevu.

Towako akachukua kikombe. Isakichi akapokea chake mwisho, akakibana kati ya vifundo vya mikono miwili, akanywa bila kuificha mikono hiyo.

"Jumatatu," alisema baadaye, macho yakiwa kwenye chai, "nilikuwa niende ng'ambo ya reli. Kuna dume pale."

"Uliahidi kabla hujaumia," alisema Towako. "Wataelewa."

"Wataelewa, ndiyo." Mvuke ulimpanda usoni. "Mama. Siwezi kukata. Vidole havirudi." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti, na alilisema mbele ya mjane, mbwa na farasi wanne. "Siwezi peke yangu. Twende wote."

Towako alimalizia chai yake bila haraka, akakung'uta chini matone yaliyobaki kikombeni, akauliza huyo dume anapiga teke kwa mguu upi.